Herufi Haikui

Edirne, 9 Rajabu 1283

Kwa mdogo wangu Nazif, mwasha taa wa Msikiti wa Bibi Shahuban, Sarihan.

Salamu nyingi. Ukiwa mzima, nami ni mzima, ila nina hasira. Mfuko wa masizi umefika, na nakuuliza mbele ya Mungu: umeyachanganya na nini?

Nimeyatwanga siku tatu kwa gundi na maji, kama nilivyoyatwanga miaka kumi na minane, na wino uliotoka unakwaruza. Kalamu mbili za tete zimeniharibikia kabla sijamaliza ukurasa mmoja. Wino wenyewe una ukungu mweupe ndani yake, kama jicho la mzee. Masizi yenu siku zote yalikuwa laini kuliko unga, maana moshi wa taa mia tatu unavutwa na hewa hadi kile chumba kidogo juu ya mlango mkuu, na kinachoganda pale ni kile chepesi tu. Walimu wangu walikuwa wakiniomba kijiko kimoja kimoja. Safari hii ningeona aibu kumpa hata mtoto wa madrasa.

Unajua kwa nini nayataka. Msahafu ninaouandika kwa jina la marehemu baba umebakiza majuzuu mawili, na niliweka nadhiri kwamba kila herufi yake itatoka kwenye moshi wa msikiti ule ule, kisha ukawekwe chini ya jiwe lenye jina lake kwenye ukuta wa kibla. Sitaki kuumaliza kwa uchafu.

Mimi nasema ungeoa. Ungekuwa na mke, ungepata mtu wa karibu wa kumdanganya, ukaniacha mimi nilale.

Dada yako,
Mevhibe


Sarihan, 20 Rajabu 1283

Dada yangu Mevhibe,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi, mwana wa Fundi Yakup, ninayelipangusa jiwe la jina lake kila Ijumaa kwa ncha ya kilemba changu, nichanganye masizi? Yametoka kwa taa za msikiti, naapa, si kwa kitu kingine. Labda kinu chako kimezeeka. Sisemi mtwangaji.

Lakini sina nguvu ya kukununia, kwa sababu huku kumetokea jambo. Lilianza Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliopita. Nilikuwa nimewasha taa za alfajiri, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, nikainua macho nikaona ndimi za moto zote zimeinama upande mmoja. Zimeinama kibla, dada. Taa mia tatu, kila moja imeinamisha kichwa kuelekea mihrabu, na upepo hakuna. Nilidhani macho yangu ndiyo yaliyopinda. Hata yale mayai ya mbuni tuliyoyatundika kufukuza buibui yanayumba taratibu, yote kwa pamoja.

Sasa watu wanakuja kutoka vijiji vya mbali. Unamkumbuka Remzi muuza halua, ambaye tangu nimjue haingii msikitini isipokuwa kwa mazishi? Anasali safu ya kwanza. Nilimwambia, "Remzi, umepotea njia?" Akanijibu, "Mwasha taa, moto wenyewe unarukuu, mimi ni nani nibaki wima?" Akalia, Remzi yule yule.

Kuna na lingine. Imamu Vehbi akimaliza Alhamdu tukaitikia amin, baada yetu inasikika amin nyingine. Ni moja, nzito, imechelewa kidogo, na inatoka ndani ya ukuta wa kibla. Wanasema ni Bibi Shahuban mwenyewe, kwani si kaburi lake liko nyuma ya ukuta huo? Mimi nywele zinanisimama, lakini nafurahi. Watu wananibusu mkono. Miaka kumi nimekuwa yule anayenuka mafuta, na leo nabusiwa mkono.

Nduguyo,
Nazif


Edirne, 1 Shaabani 1283

Nazif,

Kinu changu ni kizima na mtwangaji ni mzima. Masizi yako nimeyatia kwenye bilauri ya maji, nikayaacha usiku kucha. Asubuhi weusi ulikuwa juu, na chini kulikuwa na tabaka jeupe, nene kama ukucha. Nimelionja kwa ncha ya ulimi. Ni jasi. Binti wa mwashi haambiwi ladha ya jasi, mdogo wangu. Ile lipu wanayopaka ndani ya kuta imesagika, ikaingia kwenye masizi yako.

Kwa hiyo nijibu swali moja, wala usinizungushe: chumba cha masizi juu ya mlango kina nini ndani yake leo?

Baba alikuwa akisema nyumba inapumua kama mtu. Wajenzi wa zamani waliacha matundu juu ya mlango ili pumzi itokee pale, na moshi uende nayo. Alisema, "Moshi ukifuata njia yake, lala usingizi. Ukianza kufuata njia nyingine, ujue nyumba imefungua mdomo mahali." Ulikuwa mdogo, labda hukumbuka. Mimi nakumbuka.

Taa hairukuu, Nazif. Taa inafuata hewa. Naogopa, na sipendi kuogopa nikiwa mbali.

Mevhibe


Sarihan, 12 Shaabani 1283

Dada,

Nisamehe. Chumba ni kitupu. Tangu ile Ijumaa ya kwanza hakijapata hata kijiko. Nilipanda ngazi nikakikuta kisafi, kama kimelambwa.

Masizi niliyokuletea niliyapata kaburini. Unajua kila alfajiri lazima nijaze mafuta ile taa ya kichwani kwa Bibi, ambayo hati ya wakfu imesema isizimike mpaka Kiyama, na laana ya Mungu na malaika na watu wote imshukie atakayeiacha izimike. Siku hiyo nikaona kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza lake kimekuwa cheusi. Moshi wa msikiti mzima ulikuwa umekwenda kumlalia yeye. Nikakikung'uta kwa unyoya wa bata, nikajaza mfuko wako. Sikukuambia kwa sababu ungesema nimekuandikisha Msahafu kwa vumbi la maiti. Nawe ungesema.

Baada ya barua yako nilikwenda kuuangalia ukuta wa kibla. Macho hayaoni kitu. Vigae vyeupe vimekaa vizuri. Lakini nikiweka kiganja kushoto mwa mihrabu, ngozi inavutwa, kama mtoto anaponyonya. Hewa ya pale ni baridi na ina harufu ya kisima. Kwa nje, vile vijumba vya ndege baba alivyovichonga ukutani vimehamwa. Shorewanda wote wamehamia upande wa jiko la sadaka, wanakopikiwa maskini.

Nilimwambia Imamu Vehbi. Si mjinga, dada, wala si mlaghai. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole, "Nazif, Mwenyezi Mungu akitaka kuuinamisha moto, atahitaji ufa?" Jibu nakuachia wewe. Kama unalo, niletee.

Nazif


Sarihan, 2 Ramadhani 1283

Dada, sikungoja barua yako. Lazima nikuambie hili leo.

Mafuta ya Ramadhani yaliyoletwa ni mabaya, ni mashapo matupu. Usiku wa kwanza niliwasha taa zote mia tatu kwa tarawehe, na moshi ukawa mwingi hata watu wakakohoa. Alfajiri niliporudi nilikuta mstari mweusi kwenye ukuta wa kibla, kushoto mwa mihrabu, juu ya vigae vyeupe. Umenyooka kuanzia sakafuni hadi kwenye shingo ya kuba. Juu mnene, chini mwembamba.

Ni alifu. Mimi si mwandishi, lakini alifu naijua.

Remzi alipiga magoti pale pale. Imamu, machozi yakimtoka, akasema, "Herufi ya kwanza ya jina Lake." Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa ndani, na safu zimevunjika, kila mtu anataka kusali karibu na mstari. Wanaweka paji la uso juu yake, akina mama wanausugulia vitambaa vya watoto wao wagonjwa. Na kila anayeweka paji la uso anasema kitu kile kile: unamvuta.

Nilikuwa na maneno yako mfukoni, kwamba taa inafuata hewa. Sikuyasema. Nilitazama nyuso zao nikashindwa. Na nusu yangu, dada, nusu yangu ilipiga magoti pamoja nao. Je, kama kweli ni alifu?

Nazif


Edirne, 11 Ramadhani 1283

Nazif, mdogo wangu,

Hizi ni karatasi mbili. Zisome zote mbili mbele ya watu, kwa sauti, baada ya sala ya Ijumaa, Imamu Vehbi akiwapo. Nimeziandika kwa mkono ambao watu wa Sarihan wanaujua. Nusu ya misahafu yao imetoka kwangu.

Karatasi ya kwanza.

Enyi watu wa Sarihan, mimi ni Mevhibe binti Yakup. Nina ijaza, yaani ruhusa ya uandishi, kutoka kwa mwalimu wangu, naye kutoka kwa wake, na nimeandika alifu kwa miaka thelathini. Siwakatazi muujiza, Mungu hufanya atakalo. Ninachowaambia ni kazi yangu. Alifu hupimwa kwa nukta za kalamu iliyoiandika, yaani kwa upana wa ncha yake. Ya mkono wangu ni nukta saba kwenda juu na nukta moja upana, leo, kesho, na siku nitakapozikwa. Herufi ikishaandikwa haikui. Basi chongeni kijiti cha tete kinachoingia barabara kwenye mstari wenu, kikaze, kisitikisike. Kiacheni siku nne. Kikibaki kimekaza, ninyi ni wakweli nami ni mwongo, na nitakuja kwa miguu kuubusu ukuta huo. Kikilegea, hiyo si alifu. Ni ufa, na moshi umewaonyesha ulipo. Tokeni.

Karatasi ya pili.

Hii ni ngumu, nawe Nazif utaisoma hata koo likikauka. Mwaka wa lile tetemeko, wewe ulikuwa na miaka minne. Baba aliufungua ukuta wa kibla akaushona upya. Mawe hushonwa kwa vibanio vya chuma, na kila kibanio hufunikwa kwa risasi iliyoyeyushwa ili maji yasikifikie. Mwaka ule risasi yote ilikuwa imechukuliwa kwenda vitani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilimpelekea baba maji ya kunywa, nikaona vibanio vinaingia ukutani vitupu, juu yake jasi. Aliona kwamba nimeona. Akaniambia, "Wewe hukuona kitu, Mevhibe. Majira ya kuchipua nitarudi nivifungue." Hakurudi. Wakamwekea jiwe la heshima, nami nikanyamaza miaka thelathini.

Chuma kitupu huota kutu, kikiota kutu huvimba, kikivimba hupasua jiwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta huo hautaponywa kwa kuegemezwa magogo, maana unaliwa kutoka ndani. Asiingie mtu tena mpaka ubomolewe kwa mikono.

Nampenda baba kama unavyompenda wewe. Soma zote mbili.

Mevhibe


Sarihan, 25 Ramadhani 1283

Dada yangu,

Umeshinda, na mji mzima umekununia.

Barua yako niliisoma Ijumaa. Minong'ono ilikuwa mingi. Remzi alisimama akasema, "Mwanamke wa Edirne atatufundisha kusoma alifu?" Imamu Vehbi akamjibu, "Remzi, wewe alifu uliijua mwezi jana. Kaa chini." Kisha akachonga kijiti kwa mkono wake mwenyewe, akakitia kwenye mstari mbele yetu sote. Kilikaza hata hakikuweza kuchomoka.

Juzi ilikuwa siku ya nne. Imamu alinyoosha mkono, na kabla hajakigusa kijiti kikaanguka, kwa ndani. Tulikisikia kikishuka ukutani, kikigonga hapa na pale, muda mrefu kuliko urefu wa ukuta wenyewe. Halafu kimya. Halafu ile amin. Hakuna aliyekuwa ameanza kusali, dada.

Imamu aligeuka, uso mweupe, akasema, "Tokeni kwa utaratibu, wazee kwanza." Msikiti umefungwa. Tarawehe tunasali kwenye ukumbi wa jiko la sadaka, tumebanana kama zabibu, na Idi tutasali uani ndani ya theluji. Wananung'unika kwamba nimewaondolea baraka. Hakuna anayenibusu mkono tena, nimerudi kuwa yule anayenuka mafuta. Nimezoea.

Fundi ameitwa kutoka mji wa jirani, ameegemeza magogo matano. Anasema ukuta utasimama mpaka majira ya kuchipua bila wasiwasi, maana kazi ya Fundi Yakup anaijua sifa yake, mawe yake yameshonwa kwa chuma na risasi, hayaachani. Watu waliposikia jina la baba walipumua. Mimi nilikuwa karibu na lile jiwe lake. Nilisoma kila kilichofaa kusomwa, dada. Watu wametoka, na hilo ndilo ulilolitaka, sivyo?

Ninaingia peke yangu tu, mara moja, alfajiri, kujaza taa ya Bibi. Imamu ameniruhusu kwa sababu ya neno la fundi. Leo taa hiyo imeinama upande mwingine. Imeinama kuelekea mlangoni, kuelekea kwangu, kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Nikasema amin kwa mzaha, ili nijipe moyo. Nikajibiwa kabla sijaifikisha mwisho.

Nduguyo,
Nazif


Edirne, 6 Shawwali 1283

Nazif,

Barua yako imefika sasa hivi na mjumbe wa posta anangoja mlangoni, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Hukusoma karatasi ya pili. Nakujua. Uliikunja ukaitia mfukoni kwa ajili ya baba. Na fundi amesema risasi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hakuna risasi.

Moto ukiinama mlangoni, maana yake upepo wa nje sasa unaingia kupitia ukuta. Mdomo umefunguka wote. Usiingie. Laana ya taa naibeba mimi, andika jina langu, Mevhibe binti Yakup, mwambie Bibi Shahuban anidai mimi. Mpe Imamu karatasi ya pili leo. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nimeyaficha muda mrefu kuliko wewe.

Nilikununulia kilemba kipya cha Idi. Kiko hapa juu ya meza. Njoo ukichukue, ukae mwezi mzima, nikupikie.

Dada yako


Sarihan, 9 Shawwali 1283

Kwa Bibi Mevhibe binti Fundi Yakup, Edirne.

Amani iwe kwako. Mimi ni Vehbi, imamu wa Msikiti wa Bibi Shahuban. Sijui kuandika habari hii kwa namna nyingine, basi naiandika ilivyo. Mdogo wako Nazif amefariki tarehe tano ya mwezi huu, baina ya alfajiri na kuchomoza jua. Alikuwa amekwenda kujaza taa. Ukuta wa kibla ulianguka na nusu ya kuba juu yake. Hakuna mwingine aliyeguswa. Siku nne kabla, asubuhi ya Idi, watu mia tisa walisali uani kwenye theluji huku wakimsema, na leo kila mmoja wao anajua angekuwa wapi.

Tulimpata adhuhuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika birika la mafuta, na mafuta hayakumwagika. Remzi muuza halua alimtoa kwa mikono yake, hakukubali asaidiwe. Tumemzika pembeni ya baba yenu.

Kwenye kifua chake, ndani ya koti, tulikuta karatasi yako ya pili, imekunjwa mara nane. Niliisoma mimi peke yangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilionyeshwa ufa nikausujudia, na ulipothibitika nikamruhusu aingie. Kama ningeijua karatasi hii ningeupigilia ule mlango misumari. Silalamiki juu yake. Alikuwa akimlinda baba yake, na ni mwana gani asiyefanya hivyo?

Jiwe la heshima la baba yenu limetoka zima, halina hata mkwaruzo. Watu wanataka walipandishe tena kwenye ukuta mpya. Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili, nami nitafuata utakavyosema. Karatasi hii niisome mbele ya watu au niichome? Na la pili: je, baba yenu alitengeneza mahali pengine mwaka ule wa tetemeko? Vitabu vya wakfu vya mwaka huo vimeliwa na panya. Kwa sasa sala zote tano ziko kwenye ukumbi wa jiko la sadaka, na maskini mia mbili wanapata supu na mkate wao mle ndani kila siku.

Kuna jambo jingine, na nisingelitaja kama nisingeliona mwenyewe. Upande wa mlango mkuu umesimama. Juzi nilipanda kwenye chumba cha masizi kuangalia kama mbao zake ni salama. Nazif alikuwa ameniambia ni kitupu tangu kabla ya Rajabu. Nilikikuta kimejaa hadi vifundoni. Taa za msikiti hazikuwashwa kwa muda wa wiki mbili, isipokuwa ile moja. Nimeyaonja masizi hayo, kama Nazif alivyonisimulia kwamba uliyaonja wewe. Hayana jasi, hayana chembe ya kitu chochote. Nakuletea mfuko, maana sijui mwingine wa kumpa.

Mwenyezi Mungu akupe subira.
Vehbi


Edirne, 20 Shawwali 1283

Imamu wangu Vehbi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, watoe watu kwenye ukumbi wa jiko. Nimemlipa mpanda farasi asilale njiani.

Sasa nitakueleza. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika juzi, na sikuituma.

Nililia siku nzima, sitakuficha. Kisha nikatwanga masizi uliyoniletea, kwa sababu mikono yangu haijui kazi nyingine. Wino ulitoka laini ajabu; ulitangulia mbele ya kalamu kama unajua ninachotaka kuandika. Kwa wino huo nikakuandikia kwamba karatasi ya pili uichome, na kwamba sijui mahali pengine alipojenga baba, Allah ni shahidi yangu. Nilijiambia si uongo. Jikoni sikuingia mwaka ule, sikuona kwa macho yangu. Nilikuwa nimempoteza ndugu, nikaona baba nisimpoteze pia. Hivyo ndivyo nilivyowaza, juu ya vichwa vya maskini mia mbili.

Kila alifu ninayoandika naipima, ni mazoea tu. Ile ya jina la Allah, katika kiapo changu, niliipima ikiwa mbichi: nukta saba. Niliiacha ikauke. Alfajiri, kabla ya kuifunga barua, jicho langu halikuipenda. Nikapima kwa kalamu ile ile. Nukta nane. Nikanawa uso, nikasali, nikarudi. Nukta tisa, na upana nao umezidi.

Niliwaambia watu wa Sarihan kwamba herufi haikui, nikataka niaminiwe kwa hilo, na mdogo wangu akaaminiwa kwa hilo.

Baba alitengeneza ukuta wa jiko mwezi ule ule, kwa chuma kile kile. Risasi ambayo haikupatikana kwa ajili ya kibla, ingepatikana wapi kwa ajili ya jiko? Fungueni mawe, mtaona. Karatasi ya pili isome yote, mbele ya wote, na useme binti yake alijua na akanyamaza. Jiwe lake liacheni chini lilipoangukia. Kilemba nilichomnunulia Nazif nakituma na barua hii, mpe Remzi.

Hii nimeiandika kwa wino wa dukani. Ile ya kwanza nimeifungia sandukuni, na nikikaa kimya naisikia karatasi ikipasuka.

Mevhibe binti Yakup